Tomaso na Theluji ya Kilimanjaro

Soma kwa ajili ya somo hili: Yn. 20:19–31, Lk. 7:18–28, Mdo. 17:10–12, 1 Kor. 15:3–8, Kum. 18:21, 22, Ebr. 11:1, Yud. 22.

Mtu wa Mwera anayekwenda Pangani mjini hufika Bweni, kisha huvuka mto kwa pantoni. Maji anayoyavuka yametoka mbali. Sehemu yake ilianzia kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, ikashuka kwa mto Kikuletwa na mto Ruvu, ikakutana Nyumba ya Mungu, ikapita Korogwe na Hale hadi hapo inapomwagika baharini. Kutoka Mwera mlima Kilimanjaro hauonekani. Wapo wazee waliozaliwa, wakaoa na kuzeeka huko bila kufika Moshi hata siku moja. Lakini huwezi kumpata kati yao anayebisha kwamba mlima upo na kwamba kileleni kuna theluji. Ukimwuliza mmoja amejuaje, atasema ameambiwa: na mwanawe aliyesoma Moshi, na utingo wa basi, na picha ya kalenda iliyoko ukutani. Hakuna anayemwita mjinga kwa hilo.

Likiingia neno la dini, mambo hubadilika. Mzee huyohuyo akisema kwamba anaamini Yesu alifufuka kwa sababu ya ushuhuda wa waliomwona, ataambiwa na wengine kwamba hiyo ni imani tupu isiyo na msingi. Na jambo la kusikitisha zaidi, ataambiwa na ndugu zake wa kanisani kwamba imani ndivyo ilivyo, kuamini bila kuuliza. Pande hizi mbili hazielewani kwa mengi, lakini kwa hili zinakubaliana: mahali imani inapoanza, ushahidi umekoma. Somo hili linauliza kama ndivyo Biblia inavyofundisha. Swali lenyewe si la wanavyuo peke yao. Kijana anayetoka kijijini kwenda kusoma Tanga hukutana nalo bwenini katika juma la kwanza, na mara nyingi jibu alilobeba kutoka nyumbani ni moja tu, kwamba kuuliza ni dhambi.

Zamani walikuwapo watu waliokataa kuamini habari za theluji ya Kilimanjaro, nao hawakuwa wazee wa Mwera. Walikuwa mabingwa wa jiografia mjini London.

Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na shirika la wamisionari wa Kianglikana la CMS, alikuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa. Mwishoni mwa Aprili 1848 aliondoka kwenda Uchagani pamoja na kiongozi wa misafara aliyeitwa Bwana Kheri na wapagazi wachache. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima. Kwanza alidhani ni wingu. Alipomwuliza aliyekuwa akimwongoza, yule hakuwa na jina la kitu kile. Alisema tu kwamba ni baridi. Rebmann alikuwa amekulia katika nchi ya theluji, akaelewa mara moja. Katika safari zake za Uchagani alielezwa pia kwamba wapo waliowahi kudhani ni fedha, wakapanda kwenda kuichukua, wakapatwa na maafa ya baridi hata mikono na miguu ikaharibika, na kwamba kitu kile kikiletwa chini huwa maji tu.

Habari hiyo ilichapishwa Uingereza mwaka 1849. William Desborough Cooley aliikataa. Huyu alikuwa msomi aliyeheshimiwa, aliyechunguza kwa miaka mingi vitabu vya Wareno na maelezo ya watu wa pwani, ingawa hakuwahi kukanyaga Afrika. Alidai kwamba Rebmann hakuiona theluji kwa macho yake bali kwa mawazo yake. Kushangaa kwake hakukuwa kwa kipumbavu. Kilimanjaro uko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na shahidi alikuwa mtu mmoja, tena aliyetazama kutoka mbali. Mtu mwangalifu alikuwa na haki ya kusema, ngojeni kwanza. Hata hivyo, theluji ya karibu na ikweta ilikwisha kujulikana katika milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa muhali.

Ushahidi uliendelea kuja. Mwishoni mwa mwaka uleule wa 1849 Ludwig Krapf, mwenzake Rebmann, aliuona Kilimanjaro akiwa njiani kwenda Ukambani, na tarehe 3 Desemba akaona mlima wa pili wenye theluji, ule wa Kirinyaga. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken, aliyekuwa na Otto Kersten, alipanda Kilimanjaro hadi kiasi cha mita 4,300, na theluji ikawaangukia. Sasa walikuwapo mashahidi kadhaa, wa nyakati mbalimbali, waliotazama kutoka pande mbalimbali, na wengine wao hawakuwa wamisionari. Cooley hakukubali. Alifariki mwaka 1883, miaka sita kabla Hans Meyer na Ludwig Purtscheller hawajafika kileleni. Kila ushahidi ulipomfikia, alilisogeza sharti lake mbele kidogo.

Sasa mrudie Tomaso. Wakristo wamempa jina baya; mtu akisita kuamini jambo huambiwa, wewe Tomaso. Lakini tazama alichodai. Jioni ile ya kwanza, Tomaso akiwa hayupo, Yesu aliwaonyesha wale kumi mikono yake na ubavu wake (Yn. 20:20). Kabla ya hapo wao nao walikuwa wamesikia ushuhuda wa wanawake, wakauona kuwa upuzi (Lk. 24:11). Basi Tomaso hakudai kitu kipya. Alidai kile ambacho wenzake walikuwa wamekipata bila hata kukiomba. Wala hakuwa mtu baridi katika mambo ya Bwana: huyu ndiye aliyewaambia wenzake waende Uyahudi wakafe pamoja na Mwalimu (Yn. 11:16). Alikuwa amempenda mno asiweze kuvumilia kudanganywa juu yake. Wanaojua kufiwa wanalielewa hilo.

Jambo linalomtenga na Cooley ni kwamba alitaja sharti lake waziwazi, na sharti lilipotimizwa, aliishia hapo. Injili haisemi hata kwamba alinyosha kidole. Yesu alimwalika, naye akajibu kwa ungamo kubwa kuliko yote ndani ya kitabu kile (fungu la 28). Mashaka ya namna hii yana mlango. Mtu anasema ni nini kingemridhisha, na anabaki mahali ambapo kinaweza kumfikia. Yale mengine hayana mlango. Yamevaa nguo ya uchunguzi, lakini hakuna kitu ambacho kingeyabadilisha.

Wahubiri wa Tanga wana mfano mwingine wanaoupenda, nao unastahili tahadhari. Ni silikanti, yule samaki ambaye wanasayansi walisema alitoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu zao, na mwaka 2009 ilianzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake kati ya Tanga na Pangani. Mimbarani samaki huyu hutumiwa kuwacheka wasomi: tazameni, walikosea! Ni kweli walikosea kuhusu kutoweka kwake. Lakini samaki alipolazwa mezani, walikiri na kusahihisha vitabu. Anayemtumia kuwacheka ajiulize kama darasa lake la Shule ya Sabato lina wepesi wa namna hiyo wa kusahihishwa. Na samaki mmoja asitwishwe mzigo usio wake. Amethibitisha kwamba yeye yuko hai, basi.

Fungu linalotumiwa sana kuwanyamazisha wenye maswali ni Yn. 20:29, ambapo Yesu anawaita heri wale wasioona wakaamini. Hutajwa kana kwamba heri hiyo ni ya wasiotaka ushahidi. Lakini endelea kusoma mafungu mawili yanayofuata. Yohana anaeleza mara moja kwamba ishara hizi zimeandikwa ili msomaji apate kuamini. Wasioona hawakuachwa mikono mitupu; wameachiwa ushuhuda ulioandikwa na walioona. Tofauti yao na Tomaso ni kama tofauti ya mzee wa Mwera na Rebmann. Mmoja aliona, mwingine ameambiwa na aliyeona, na wote wawili wana sababu ya kuamini.

Paulo naye anafanya vivyo hivyo. Katika 1 Kor. 15 anataja majina ya mashahidi, kisha anasema Kristo alionekana na ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, na kwamba wengi wao walikuwa wangali hai alipoandika. Mtu asiyetaka kuchunguzwa haandiki hivyo. Ni kama kuwaambia Wakorintho: nauli yenu tu, nendeni mkawaulize. Na Luka anawasifu watu wa Beroya kwa sababu walimpokea mtume kwa moyo wote na bado wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama asemayo ni kweli (Mdo. 17:11). Aliyechunguzwa alikuwa Paulo. Siku hizi, katika makanisa fulani, mchungaji mgeni akihojiwa na mshiriki wa kawaida namna hiyo, mshiriki ndiye atakayeitwa kwenye baraza.

Zaidi ya hayo, Mswahili ana neno lake katika Ebr. 11:1. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili waliiita imani *bayana* ya mambo yasiyoonekana. Watu wa pwani wanalijua neno hilo tangu zamani. Jambo lililo bayana ni lililo wazi, lisilojificha. Na mbele ya kadhi, bayana ni ushahidi anaouleta mwenye madai. Asipokuwa nayo, dai lake linakwama. Aliyechagua neno hilo hakuichukua imani kuwa kuruka gizani. Kisichoonekana ni jambo lenyewe. Sababu za kulisadiki zinaonekana. Soma sura nzima uone: Nuhu aliingia kazini kwa sababu alikuwa ameonywa, na Ibrahimu aliondoka kwa sababu alikuwa ameitwa. Kila mmoja alikuwa na neno la Mtu aliyekwisha kujulikana kuwa mwaminifu.

Imani isiyodai bayana si jambo la nadharia katika Tanzania. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 kutoka kwa Mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila, ambaye sasa ni marehemu. Alisema Mungu ndiye aliyemwagiza. Foleni ya magari ilienda kilometa nyingi. Walikwenda maskini na walikwenda wakubwa wa serikali. Walikwenda Wakristo wa madhehebu mbalimbali na Waislamu. Hakuna sababu ya kuwacheka. Mgonjwa wa kisukari aliyechoka, au mama mwenye mtoto asiyepona, hashiki kikombe kwa sababu ya upumbavu. Lakini wapo waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo waliokuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi ambao walirudi nyumbani wakaacha dawa zao, kwa kuwa walidhani kuendelea kuzimeza baada ya kikombe kungekuwa kukosa imani.

Hapo ndipo fundisho la kwamba kuuliza ni dhambi linapogharimu roho za watu. Mtu akisema Mungu amesema nami, Mungu mwenyewe ameruhusu swali. Katika Kum. 18:21 Musa anaona kwamba watu watauliza moyoni watalijuaje neno ambalo Bwana hakulinena, na hawakemei kwa kuuliza. Katika fungu la 22 anawapa kipimo, kwamba lisemwalo lisipotokea, halikutoka kwa Bwana. Paulo anakataza kutweza unabii na papo hapo anaagiza kujaribu mambo yote (1 Thes. 5:20, 21). Waadventista hawawezi kukitumia kipimo hicho kwa wengine halafu wakakifungia kabatini kinapokuja kwao, hata kwa habari ya Ellen White. Yeye mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1892 kuhusu hatua za kumwendea Kristo, aliweka sura nzima juu ya mashaka. Fundisho lake hapo ni kwamba Mungu hatudai imani bila kutupa ushahidi wa kutosha, lakini pia hakuondoa kila nafasi ya kushuka moyo na kusita. Anayetafuta pa kutundika shaka yake atapapata.

Mfano wa mlima una mwisho wake, na darasa lisiuvute kupita hapo. Mlima unangoja. Asiyeamini leo anaweza kupanda basi Tanga asubuhi na jioni akautazama mwenyewe, mawingu yakimruhusu. Ufufuo haungoji namna hiyo. Ni tukio lililopita, na hakuna basi la kwenda huko. Kwa tukio lililopita mtu hupima mashahidi: walikuwa wangapi, walikuwa karibu kiasi gani, walipata faida gani kwa kusema waliyoyasema, na walifanya nini walipotishwa. Kipimo hiki kinafika mbali, lakini hakifiki mahali ambapo mtu hawezi tena kukataa. Katika Yn. 7:17 Yesu anaongeza njia nyingine: atakaye kuyafanya mapenzi ya Mungu atajua habari ya mafundisho, kama yametoka kwa Mungu. Huo nao ni ushahidi, ila ni wa aliyeingia, kama vile utamu wa dafu ni wa aliyelinywa. Si haki kumdai aliye nje aukubali kana kwamba yeye amekunywa.

Liko swali gumu zaidi, nalo linawahusu Waadventista wenyewe. Kabla ya kulifikia, ni vizuri kuitazama ramani moja ambayo habari zake zilikusanywa Tanga.

Mwaka 1854 Jakob Erhardt, mwenzao Krapf na Rebmann, alikaa Tanga kwa miezi kadhaa. Misafara ya bara ilikuwa ikiondoka hapo na Pangani. Erhardt aliwauliza wafanyabiashara walikofika na walichokiona. Mmoja baada ya mwingine, watu wa njia mbalimbali, walisema kwamba mwisho wa safari walikuta maji mengi yasiyo na ng'ambo. Kutokana na habari hizo na nyingine kama hizo, yeye na Rebmann wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, lenye umbo kama la konokono asiye na gamba. Ilipofika London mwaka 1856 ilizua mabishano makali. Mwaka 1857 Burton na Speke walikuja pwani hii, wakapita Tanga na Pangani kabla ya safari yao ya bara. Februari 1858 wakafika Tanganyika, na Agosti mwaka huohuo Speke akaiona Nyanza. Hayakuwa ziwa moja. Yalikuwa maziwa matatu, pamoja na Nyasa lililoko kusini. Wasafiri wa Tanga walikuwa wamesema kweli kila mmoja kwa alichokiona. Kosa lilikuwa katika mkono uliounganisha.

Miaka kumi kabla ya Erhardt kukaa Tanga, kule Marekani, watu waliokuwa wamejifunza unabii wa Danieli pamoja na William Miller walimngoja Kristo tarehe 22 Oktoba 1844. Hakuja. Wengine walitupa Biblia pamoja na hesabu. Wengine waliendelea kupanga tarehe mpya, moja ikipita wanatafuta nyingine. Miller mwenyewe alikiri kwamba alikosea. Kikundi kidogo, akiwamo Hiram Edson, kilirudi katika Maandiko na kuuliza kama mashahidi walikuwa wa kweli na kosa likawa katika kuunganisha: kwamba patakatifu pa Dan. 8:14 si dunia hii ya kutakaswa kwa moto, bali ni pale panapotajwa na Waebrania 8 na 9. Kutokana na ufahamu huo lilizaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato.

Jirani mwenye akili anaweza kuuliza: hiyo si njia ya Cooley? Tukio lilikataa, nanyi mkabadili maelezo ili msishindwe. Tena mkalipeleka jambo mbinguni, ambako hakuna wa kwenda kutazama. Swali hilo ni la haki, na mwalimu wa darasa asilikimbie wala asimkasirikie anayeliuliza. Ni kweli kwamba maelezo yaliyotolewa baada ya pigo yanapaswa kuangaliwa kwa jicho kali kuliko yaliyotolewa kabla. Jibu haliwezi kuwa kwamba waanzilishi walihuzunika sana, au kwamba kanisa limekua na kuenea hadi upareni na pwani. Wingi wa watu haujawahi kuithibitisha hesabu. Jibu, kama lipo, liko ndani ya mafungu yenyewe. Je, Waebrania inafundisha patakatifu pa mbinguni ambapo Kristo anahudumu? Je, kuna sababu katika Danieli ya kupaelekeza huko, au ni sababu iliyoletwa kutoka nje? Mshiriki anayeweza kuyafungua mafungu hayo mbele ya jirani na kuonyesha hatua moja baada ya nyingine, pamoja na mahali ambapo hatua ni nyembamba, ana bayana. Anayekariri tu tarehe hana, hata kama tarehe ni sahihi.

Yapo mashaka yasiyotokana na hoja, na Biblia inayaweka katika mtu ambaye hakuna angemtarajia. Yohana Mbatizaji hakuwa mgeni wa ushahidi. Alimbatiza Yesu, akamwona Roho akishuka juu yake, akashuhudia mbele ya watu (Yn. 1:32–34). Kisha Herode akamfunga. Kutoka gerezani Yohana akawatuma wanafunzi wawili wamwulize Yesu kama yeye ndiye, au wamtazamie mwingine. Fikiria ingekuwa leo: mwinjilisti aliyebatiza mamia anatuma swali hilo kwenye makao makuu ya konferensi.

Yesu hakumkemea. Saa ileile aliponya wengi mbele ya wale wajumbe, akawaambia wakamweleze Yohana waliyoyaona na kuyasikia (Lk. 7:21, 22). Alilijibu shaka kwa ushahidi. Wajumbe walipokwisha kuondoka, aligeukia makutano na kumsifu Yohana kwa namna ambayo hakumsifu mtu mwingine. Lakini iko sehemu ya jibu ambayo ni rahisi kuipita. Mambo aliyoyataja Yesu yanafanana na Isa. 35:5, 6 na Isa. 61:1: vipofu, viwete, viziwi, maskini wanaohubiriwa. Isa. 61:1 pia inataja mateka kupata uhuru na waliofungwa kufunguliwa. Hilo Yesu hakulitaja. Yohana, aliyewajua manabii vizuri, akiwa amekaa kwenye sakafu ya gereza, hangeweza kukosa kuona kilichoachwa. Alipewa ushahidi wa kutosha kumjua Kristo. Hakupewa kutoka. Baadaye walimkata kichwa.

Kwa hiyo ushahidi una kazi yake, na si kazi yake kumaliza uchungu. Mama ambaye kanisa zima lilifunga na kuomba kwa ajili ya mtoto wake mwenye malaria, na mtoto akafa, akisema Sabato inayofuata kwamba hajui kama Mungu anasikia, hahitaji kuhesabiwa mashahidi 500. Krapf aliyetajwa juu alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga huko Mombasa mwezi Julai 1844, miezi mitatu kabla ya Oktoba ile ya Marekani. Alibaki na kazi yake, lakini hakuna awezaye kusema kwamba ni hoja iliyomwezesha kubaki. Yuda 22 inaagiza kuwahurumia walio na shaka. Haisemi washindwe kwa mabishano. Na baba wa yule kijana mwenye pepo aliungama imani na kutokuamini kwake katika pumzi moja, naye Yesu hakumwambia arudi atakapokuwa ameondoa la pili (Mk. 9:24).

Injili haielezi yaliyotokea katika zile siku nane kati ya jioni ya kwanza na ya pili. Kumi walikuwa wakisema wamemwona Bwana. Mmoja alikuwa akisema hataamini. Walikula pamoja, walilala ndani ya milango iliyofungwa kwa hofu ileile. Haikuwa raha kwa upande wowote. Hata hivyo Yn. 20:26 inasema kwamba Yesu alipokuja, Tomaso alikuwa pamoja nao. Kumi hawakumtoa, naye hakutoka. Ushahidi wake ulimkuta ndani.

Mwalimu wa darasa anaweza kutenga dakika kumi Sabato hii, kila mtu aandike kwenye kipande cha karatasi, bila jina, swali moja la imani ambalo hajawahi kulisema kanisani. Karatasi zikusanywe, isomwe moja. Pasipokuwa na jibu tayari, mtu mmoja apewe kazi ya kulitafuta hadi Sabato inayofuata, na swali lenyewe liandikwe ubaoni lisisahaulike. Kisha darasa lijadili: mtu wa mwisho aliyeuliza swali la namna hiyo kati yenu alijibiwa nini, na je, bado anakuja?